Maneno ya kiungo: neno kamili, kisawe, jina la tovuti au “bofya hapa”?

Tuseme una ukurasa unaoeleza namna ya kutunza betri ya simu ili idumu miaka. Anayetaka kumwelekeza msomaji kwenye ukurasa huo ana njia nyingi za kuandika kiungo. Anaweza kukibandika kwenye maneno “kutunza betri ya simu”, yaleyale ambayo watu huyaandika Google. Anaweza kuandika “mbinu za kuifanya betri idumu”. Anaweza kutaja jina la tovuti tu, kuweka anwani nzima inayoanza na https, au kumalizia sentensi kwa “bofya hapa”. Zote zinafungua ukurasa uleule, ila kwa injini ya utafutaji hazina uzito sawa, na kwa msomaji vilevile, hasa yule asiyeiona skrini.

Hapa nimeziweka njia hizo sambamba ili iwe rahisi kuchagua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kabla hujauliza utumie neno gani, uliza kiungo kiko kwenye tovuti ya nani na nani ameamua kukiweka. Kiungo cha ndani ya tovuti yako kina kanuni zake, kiungo unachopewa na mtu mwingine kina zake. Makosa mengi ya SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane vizuri kwenye matokeo ya utafutaji, yanatokana na kuchukua kanuni za upande mmoja na kuzipeleka upande wa pili. Katika mifano, maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo yanayobofywa.

## Uzito wenyewe umetoka wapi

Mwaka 1998, Sergey Brin na Larry Page wa Chuo Kikuu cha Stanford walipochapisha maelezo ya mfumo wa Google, walieleza kwamba maneno ya kiungo hawayahesabu kwa ukurasa yalipoandikwa peke yake. Wanayahesabu pia kwa ukurasa yanakoelekeza. Walitoa sababu mbili ambazo mpaka leo zina mashiko. Mara nyingi mtu wa nje huueleza ukurasa vizuri kuliko ukurasa unavyojieleza. Pia kuna vitu visivyo na maandishi ambayo mashine inaweza kuyasoma, kama picha, programu na hifadhidata, ambavyo visingepatikana kabisa kama visingetambulishwa na maneno ya wale wanaovielekeza. Wenyewe walisema wazo hilo lilishatumika kabla yao katika World Wide Web Worm, injini ya mwaka 1994.

Nguvu ya wazo hilo ilionekana haraka. Kwa miaka mingi, aliyetafuta “click here” kwenye Google alikuta ukurasa wa kupakua Adobe Reader juu kabisa, kwa kuwa tovuti zisizohesabika zilikuwa zikiwaambia wasomaji wabofye hapo wapate programu ya kufungulia PDF. Mwaka 2003 wanablogu waliyaunganisha maneno “miserable failure” na wasifu wa George W. Bush kwenye tovuti ya Ikulu ya Marekani. Ukurasa huo ukapanda kileleni ingawa maneno hayo hayakuwamo ndani yake. Januari 2007 Google ilitangaza kwamba imebadilisha algoriti yake, yaani kanuni za kompyuta zinazopanga matokeo, ili kupunguza vitimbi vya aina hiyo.

Wafanyabiashara nao walikuwa wameshaliona pengo. Februari 2011 gazeti la The New York Times lilieleza jinsi kampuni ya maduka ya J. C. Penney ya Marekani ilivyoongoza matokeo ya Google kwa maneno kama “dresses” na “bedding”, ikibebwa na viungo vilivyotapakaa kwenye tovuti zisizohusiana na nguo wala matandiko. Kampuni ilikana kuhusika, na Google ikaishusha. Tarehe 24 Aprili 2012 ikaja Penguin, badiliko la algoriti ambalo Google ilisema lingegusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Tovuti nyingi zilizokuwa zimejaza neno lilelile kwenye kila kiungo zikaporomoka.

Kisha Septemba 2016 Penguin ikaingizwa kwenye algoriti kuu, ikawa inafanya kazi muda wote, na Google ikasema sasa inavipunguzia thamani viungo vibovu badala ya kuiangusha tovuti nzima. Hili linabadilisha hesabu kabisa. Siku hizi kiungo cha kulazimisha mara nyingi hakileti adhabu, kinaleta sifuri. Umelipa, umeandika, umesubiri, na hakuna kilichohesabiwa. Adhabu inayotolewa na binadamu, ile inayofika kama taarifa kwenye Search Console (huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi tovuti yake inavyoonekana kwenye utafutaji), bado ipo kwa wanaozidisha.

## Neno kamili na neno la sehemu

Neno kamili ni lile analoliandika mtafutaji, likiwekwa kwenye kiungo bila kuongezwa wala kupunguzwa. Neno la sehemu hubeba baadhi ya maneno hayo ndani ya maelezo marefu kidogo. Yatazame pamoja:

> Ukitaka simu ikutumikie muda mrefu, zingatia [kutunza betri ya simu].

> Ukitaka simu ikutumikie muda mrefu, fahamu [kwa nini joto huichosha betri ya simu] kabla hujanunua chaja nyingine.

Sentensi ya kwanza inataja mada, basi. Ya pili inataja mada, inadokeza jibu na inampa msomaji sababu ya kubofya. Inabeba pia neno “joto”, ambalo ukurasa unaoelekezwa utakuwa umelizungumzia kwa kirefu. Nikiambiwa nichague aina moja tu ya kutumia kila mahali, nachukua neno la sehemu bila kusita.

Hilo halilifanyi neno kamili kuwa baya. Lina uwazi ambao hakuna aina nyingine inayoufikia, na mahali pake ni kiungo cha kwenda kwenye ukurasa mkuu wa mada ndani ya tovuti yako. Shida inaanza linaporudiwa na watu wasiojuana. Waache watu kumi wautaje ukurasa huo bila kushauriana. Mmoja ataandika “makala moja nzuri kuhusu betri”, wa pili atataja jina la tovuti, wa tatu atabandika anwani, wa nne ataunganisha nusu ya sentensi. Wote kumi wakiandika “kutunza betri ya simu” herufi kwa herufi, ni dhahiri kuna aliyewapangia. Huo ndio mpangilio ambao mifumo ya kupambana na viungo bandia huutafuta.

Kwa wanaoandika Kiswahili kuna jambo jingine, nami nalipa uzito mkubwa. Mtu akiwa kwenye kisanduku cha kutafutia hutupa sarufi pembeni. Huandika “betri simu kuisha haraka”. Programu ya kutafutia maneno itakuletea neno hilo hivyohivyo, na mwandishi mwenye haraka atalibandika hivyohivyo:

> Wengi husumbuliwa na [betri simu kuisha haraka] hata simu ikiwa mpya.

> Wengi hulalamika kwamba [betri ya simu inaisha haraka] hata simu ikiwa mpya.

Ya kwanza inaumiza sikio. Msomaji anahisi papo hapo kwamba hakuandikiwa yeye. Ya pili ni Kiswahili, na kila neno la maana limo. Sarufi yetu inatusaidia sana hapa, kwa sababu kitenzi kimoja kinatupa inaisha, zinaisha, huisha, isiishe, iliyoisha. Nomino nazo zinabadilisha viambishi vya jirani zake, hivyo “betri ya simu” inakuwa “betri za simu” bila mtu kukusudia. Mwandishi anayefuata ngeli atajikuta na maumbo manne au matano ya neno moja katika makala tano, na wala hahitaji orodha ya mabadiliko iliyotengenezwa na mashine.

Google yenyewe imekuwa ikisogea mbali na ulinganishaji wa herufi: Hummingbird ya mwaka 2013 ililenga kuelewa swali zima, na BERT, iliyoanza kutumika kwenye utafutaji wa Kiingereza Oktoba 2019 na kupelekwa kwenye lugha zaidi ya 70 Desemba mwaka huohuo, inatazama uhusiano wa maneno ndani ya sentensi. Sitakwambia kila umbo la Kiswahili linaeleweka sawasawa. Lakini sababu ya kuvunja sentensi ili herufi zilingane haipo tena.

## Visawe, na pale visawe vinapokuwa mada mbili

Kisawe ni tofauti na neno la sehemu. Hapa unabadilisha neno lenyewe: “simu janja” badala ya “simu”, “utunzaji” badala ya “kutunza”, “mwongozo” badala ya “namna ya”. Faida yake ni kwamba kila kundi la wasomaji lina neno lake, na kiungo kinaweza kumkuta mtu kwa lugha anayoizoea. Ukiwa na makala ya wanaoanza na makala ya mafundi, hakuna ubaya viungo vyake viwili vya kwenda ukurasa uleule vikatumia maneno tofauti.

Hatari iko kwenye maneno yanayofanana kwa nje. Chukua “kutunza betri” na “kuokoa chaji”. Mwandishi asiye makini atayatumia kama kitu kimoja. Anayetafuta kuokoa chaji anataka simu ifike jioni leo, kwa hiyo utamwambia apunguze mwanga wa skrini na kuzima huduma ya mahali. Anayetafuta kutunza betri anawaza miaka. Huyo utamwambia betri za lithiamu huchakaa haraka zaidi zikikaa kwenye joto, au zikiachwa zimejaa kabisa kwa muda mrefu. Ukiunganisha maneno yote mawili na ukurasa mmoja, mmoja kati ya wasomaji hao atafika, atasoma aya mbili na kurudi alikotoka.

Namna ya kupima ni rahisi na haigharimu kitu. Tafuta neno la kwanza, tazama ukurasa wa kwanza wa matokeo. Tafuta la pili. Kama kurasa zinazojitokeza ni zilezile kwa sehemu kubwa, injini inayaona maneno hayo kuwa jambo moja, nawe yatumie kama visawe bila wasiwasi. Kama matokeo yanatofautiana, ni mada mbili, zinastahili kurasa mbili. Kwa ukurasa ambao tayari upo, fungua ripoti ya utendaji kwenye Search Console, chuja kwa ukurasa huo mmoja, usome maneno ambayo watu waliyaandika wakauona. Maneno hayo yametoka kwa watu halisi. Kwangu orodha hiyo ni bora kuliko kamusi yoyote ya visawe.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, na tovuti kubwa zimejaa: maneno yaleyale yanaelekeza kurasa mbili tofauti. Makala ya mwaka juzi inaunganisha “kutunza betri ya simu” na ukurasa wa zamani, makala ya mwezi huu inaunganisha maneno hayohayo na ukurasa mpya. Umeiambia injini kwamba kurasa zote mbili ndizo jibu, nayo itachagua yenyewe, pengine ule usioutaka. Chagua ukurasa mmoja uwe mkuu na uelekeze viungo vyote vya neno hilo huko.

## Jina la tovuti na anwani tupu

Kiungo chenye jina lako ndicho ambacho watu wa nje hukiandika wasipoongozwa na mtu. Hakitaji mada, na wengi hukidharau kwa sababu hiyo. Mimi sikidharau. Sentensi inayokizunguka kwa kawaida imeshataja mada, kiungo chenyewe ni halali kwa namna isiyo na shaka, na jina lako linapozidi kutajwa ndipo watu wanapoanza kulitafuta moja kwa moja. Mchanganyiko kama “mwongozo wa betri wa” ukifuatwa na jina la tovuti ni mzuri sana ukija wenyewe, kwani unasema ni kitu gani na ni cha nani.

Kuna hali moja ya kipekee inayosahaulika. Tovuti ambayo jina lake ni neno la utafutaji lenyewe, tuseme inaitwa Betri ya Simu, itapata viungo vingi vyenye neno hilo bila hila yoyote. Ukiichunguza kwa macho ya haraka utadhani imenunua viungo.

Anwani tupu haina la kusemwa sana. Kwenye marejeo na maandishi yanayochapishwa karatasini inafaa. Ndani ya aya inachosha, na programu ya kusoma skrini inaweza kuitamka herufi kwa herufi na mkwaju kwa mkwaju. Angalau hakikisha anwani za kurasa zako ni fupi na zina maneno yanayosomeka, ili anayeibandika aonyeshe mada bila kujua.

## “Bofya hapa”

Maneno haya hayana adhabu. Tovuti haishuki kwa sababu imeandika “hapa”. Yanapoteza nafasi tu: ulikuwa na maneno machache ya kueleza kinachofuata, ukayatumia kumwambia mtu abofye kitu ambacho rangi na mstari wake vimeshamwambia kinabofyeka. Mwongozo wa Google kuhusu viungo unayataja “click here” na “read more” kama mifano ya maneno yasiyosema kitu, na unashauri maneno yanayoeleza, mafupi kiasi, yanayohusiana na ukurasa yalipo na ukurasa yanakokwenda.

Lakini hoja inayonigusa zaidi haitoki Google. Msomaji asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini, na programu hizo zinaweza kuvikusanya viungo vyote vya ukurasa kuwa orodha moja ili mtu achague bila kusikiliza makala nzima. Fikiria orodha hiyo: hapa, hapa, bofya hapa, soma zaidi, soma zaidi, hapa. Umemfungia mlango mtu aliyekuja kusoma kazi yako. Viwango vya WCAG, vile vya kimataifa vya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, vinaligusa jambo hili mara mbili. Kipengele cha 2.4.4, cha kiwango cha A, kinataka lengo la kiungo lieleweke kutokana na maneno yake au pamoja na muktadha wake. Kipengele cha 2.4.9, cha kiwango cha juu zaidi cha AAA, kinataka lieleweke kwa maneno ya kiungo peke yake.

Kurekebisha ni kazi ndogo:

> Tumeandaa fomu ya maombi. Kuipakua, [bofya hapa].

> Unaweza [kupakua fomu ya maombi] na kuijaza nyumbani.

Kwa kurasa zinazoorodhesha makala, ambako “soma zaidi” hukaa chini ya kila muhtasari, fanya kichwa cha makala chenyewe kuwa kiungo.

Picha nazo zisisahaulike. Picha inapokuwa kiungo, maelezo mbadala yake, yale yanayoandikwa kwenye alt, ndiyo yanayosomwa kama maneno ya kiungo. Ukiyaacha matupu, Google na msomaji asiyeona wote hawana cha kushika.

## Zikiwekwa pamoja

| Aina | Mfano | Ndani ya tovuti yako | Kutoka tovuti nyingine |
|---|---|---|---|
| Neno kamili | kutunza betri ya simu | Linafaa kwa ukurasa mkuu wa mada | Lije lenyewe, usiliombe |
| Neno la sehemu | kwa nini joto huichosha betri | Bora ndani ya aya | Zuri, mwandishi akichagua mwenyewe |
| Kisawe | utunzaji wa betri ya simu janja | Kama watu wanakitafuta kweli | Huja bila kuombwa |
| Jina la tovuti | jina lako | Kwa kiungo cha kurudi mwanzo tu | La kawaida na salama |
| Anwani tupu | https://… | Epuka | Kwenye marejeo |
| Maneno matupu | bofya hapa | Epuka kabisa | Hayadhuru, huwezi kuyazuia |

## Ndani na nje: uamuzi wenyewe

Ndani ya tovuti yako wewe ndiye mwenye kalamu, na hakuna anayekushangaa kwa kuwa na utaratibu. Menyu itaita ukurasa “Betri”, makala zitauelekeza kwa maneno marefu zaidi, na maneno yanayorudiwa yanamsaidia msomaji kujua anarudi mahali palepale. Wapo wanaoogopa kurudia neno kamili kwenye viungo vya ndani kwa kuikumbuka Penguin. Hofu hiyo inawakosesha kitu. Shabaha ya Penguin ilikuwa viungo vya kutengeneza vinavyotoka tovuti nyingine. Kinachoharibu ndani ni kujaza: sehemu ya chini ya ukurasa yenye viungo thelathini vya maneno ya utafutaji, au aya ambayo kila neno la tatu linabofyeka. Viungo vikifuatana bila maneno katikati, msomaji hajui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Kiungo kimoja kilichokaa katikati ya sentensi yenye maana kina thamani kuliko vitano vya pembeni.

Nje ni kinyume. Kadiri unavyozidi kuyasimamia maneno, ndivyo kiungo kinavyopungua ushahidi wa kwamba mtu ameipenda kazi yako. Sera za Google dhidi ya hila za utafutaji zinataja wazi, miongoni mwa viungo bandia, viungo vyenye maneno yaliyoboreshwa kwa ajili ya utafutaji ndani ya makala, makala za wageni au taarifa kwa vyombo vya habari zinazosambazwa kwenye tovuti nyingine. Hilo linagusa kazi ya kila siku ya wanaoandika makala za wageni. Ukialikwa kuandika kwenye tovuti ya mtu na ukaulizwa kiungo chako kiandikweje, toa jina la tovuti yako au kichwa cha ukurasa, kisha umwachie mhariri. Akibadilisha, mshukuru. Maneno aliyoyachagua yeye ndiyo yenye faida kwako.

Kiungo kilicholipiwa ni tangazo, hata kikiandikwa kwa ufundi gani. Kiwekewe rel="sponsored", alama ya kwenye msimbo wa ukurasa ambayo Google iliileta Septemba 2019 pamoja na rel="ugc" ya viungo vinavyowekwa na watumiaji, kama vile kwenye maoni. Ile ya zamani, nofollow, inayoiashiria injini isikihesabu kiungo, ipo tangu 2005 na bado inakubalika. Kwenye tangazo chagua maneno yanayomvuta mteja. Utafutaji uuache pembeni.

## Kuhusu asilimia

Utakutana na ushauri wa kugawa maneno ya viungo kwa hesabu: kiasi hiki jina la tovuti, kiasi hiki neno la sehemu, kiasi kidogo neno kamili. Google haijachapisha mgawanyo kama huo, na siuoni msingi wake. Duka kubwa linalojulikana kwa jina hupata viungo vya aina moja, kamusi ya mtandaoni hupata vya aina nyingine, na ile tovuti inayoitwa kwa neno la utafutaji hupata vya aina ya tatu. Ukiilazimisha tovuti ifuate wastani wa tovuti za wengine, umerudi kulekule kwenye mpangilio unaotambulika.

Tazama ripoti ya viungo kwenye Search Console. Sehemu ya viungo vya nje ina orodha ya maneno yanayotumika zaidi kuelekeza kwako. Isome kama msomaji. Jiulize kama kuna maneno ambayo hakuna mtu angeyasema kwa hiari yake, halafu tazama yanatoka tovuti za aina gani. Maneno ya kibiashara yaliyonyooka kupita kiasi, kutoka tovuti zisizo na uhusiano na mada yako, yanahitaji maelezo. Kama wewe au mtu uliyemwajiri mliyanunua, omba yaondolewe au yawekewe alama. Zana ya kuvikana viungo, yaani kuiomba Google isivihesabu, ipo tangu Oktoba 2012, na Google yenyewe inasema tovuti nyingi hazina haja nayo. Iache kwa walioadhibiwa au wanaojua kwa hakika kwamba viungo vilinunuliwa. Viungo vya ajabu vilivyokuja bila kuombwa huwa vinapuuzwa na mfumo wenyewe.

## Pa kuanzia kama tovuti tayari ipo

Usianze na viungo vya nje. Chukua kurasa zako zinazosomwa zaidi, uzipitie moja baada ya nyingine ukitafuta “hapa”, “soma zaidi” na anwani tupu. Zibadilishe ziwe maneno yanayoeleza, kwa sentensi inayosomeka kwa sauti bila kukwama. Ukimaliza, orodhesha mada zako kuu na ukurasa mmoja wa kila mada. Tafuta ndani ya tovuti kila mahali mada hiyo inapotajwa, ondoa viungo vinavyokwenda kwenye kurasa pinzani, kisha ongeza kiungo pale ambapo mada imetajwa bila kiungo na msomaji angependa kuendelea. Halafu washa programu ya kusoma skrini iliyomo kwenye simu yako, TalkBack au VoiceOver, fumba macho, na upite kiungo hadi kiungo kwenye ukurasa mmoja. Kiungo ambacho huwezi kukisia kinakwenda wapi, kiandike upya.